Ramadhani 19: Hasira Uliyoimeza Imekwenda Wapi?



Ndugu zangu katika imani, wazee wangu, mama zangu, vijana wa Jibondo mlioko nyumbani na mlioko Kilindoni, Dar es Salaam na kwingineko mnakotafuta riziki. Leo ni siku ya kumi na tisa. Usiku wa leo tunaswali tarawehe ya ishirini, na kesho magharibi likizama jua tunaingia kumi la mwisho. Darasa la leo nimeliweka hapa kwa makusudi, kabla hatujaingia huko, na mtaona mwishoni kwa nini.

Jana tulizungumza juu ya ulimi. Baada ya darasa, watu kadhaa waliniandikia, na wengi walisema jambo moja kwa maneno tofauti: "Shehe, mimi mwaka huu nimejitahidi. Nimechokozwa, nimenyamaza. Nimemeza."

Mashaallah. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini nina swali dogo tu la mwalimu kwa mwanafunzi: *hiyo hasira uliyoimeza, imekwenda wapi?*

Maana kitu ukikimeza hakipotei. Chakula ukikimeza kinakwenda tumboni, kinafanya kazi yake. Mwiba wa samaki ukiumeza, nao unakwenda mahali, na utakwambia wenyewe uko wapi. Sasa hasira uliyoimeza tangu mwezi wa Rajabu, au tangu mwaka juzi, au tangu mlipogawana nyumba ya marehemu baba, iko wapi leo?

*KIRIBA KILICHOFUNGWA MDOMO*

Tuanze na neno lenyewe. Katika Suratu Aal Imran, aya ya 134, Mwenyezi Mungu anawataja watu wa Peponi, na miongoni mwa sifa zao ni kuwa wanaizuia ghadhabu. Neno lililotumika ni la asili ya *kadhama*. Wanazuoni wa lugha wanatufundisha kwamba Waarabu walilitumia neno hili kwa kiriba cha maji: kiriba kimejaa pomoni, kisha mtu anakifunga mdomo ili maji yasimwagike.

Na kiriba ni neno letu pia, limetoka kwenye Kiarabu hichohicho, *qirba*. Ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Siku hizi tuna madumu na mapipa, lakini maana sisi tunaijua kuliko watu wengi. Kisiwa chetu ni cha mawe. Tumekua tukijua kwamba maji matamu ama yavunwe ya mvua, ama yaje kwa chombo kutoka ng'ambo. Mtu wa Jibondo hafundishwi kufunga dumu.

Haya, tuangalie mfano huu vizuri. Kiriba kinachofungwa mdomo ni kile *kilichojaa*. Kwa hiyo aya haiwasifu watu wasiokuwa na hasira. Mtu ambaye hajakasirika hana cha kuzuia. Kwa hiyo ukihisi moyo unachemka, usijione tayari umeharibikiwa na imani. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akikasirika, na masahaba wanasimulia kuwa ilionekana usoni mwake.

La pili, na hili ndilo la leo: *hakuna anayefunga kiriba ili kikae kimefungwa milele*. Tunafunga dumu ili tulifikishe nyumbani, kisha tulifungue pale panapohitajika, tupike, tunywe, tutawadhe. Maji yakiachwa ndani ya chombo miezi na miezi, kimefungwa juani, yanaingia uvundo.

Basi kuzuia hasira ni hatua ya kwanza. Wengi wetu tumeifanya kuwa ya mwisho, ndipo tunapoumia.

*AYA INA HATUA TATU*

Rudini kwenye aya ileile. Baada ya kuwataja wanaozuia ghadhabu, inawataja wanaosamehe watu, kisha inamalizia kwa kutaja kuwa Mwenyezi Mungu anawapenda wafanyao wema. Kuzuia, kusamehe, kufanya wema. Madaraja matatu. Sisi tunapanda daraja la kwanza, tunakaa hapohapo, tunasema tumefika.

Mfano wa aliyepanda yote ni Sayyidna Abubakar (r.a.). Alikuwa na jamaa yake akiitwa Mistah, maskini, na Abubakar ndiye aliyekuwa akimpa matumizi. Ulipozuka ule uzushi juu ya Bi Aisha (r.a.), Mistah akawa miongoni mwa walioueneza. Fikiria. Mtu unamlisha, kisha anamchafua binti yako! Abubakar akaapa hatampa tena kitu. Ikateremka aya ya 22 ya Suratun Nur, inayowataka wenye fadhila na wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa na maskini, na inawauliza kama wao hawapendi Mwenyezi Mungu awasamehe. Abubakar akasema anapenda kusamehewa, akamrudishia Mistah matumizi yake.

Aliumia, hakuna aliyemwambia kuwa hana haki ya kuumia. Lakini jeraha lake halikuachwa likae. Lilifunguliwa, likasafishwa, likafungwa kwa wema.

*HASIRA IKIKOSA PA KUTOKEA*

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), katika Ihyaa ana kitabu kizima juu ya mambo matatu: hasira, chuki na husuda. Angalieni mpangilio wake. Anaeleza kwamba mtu akiizuia hasira yake kwa sababu tu hana uwezo wa kulipiza wakati ule, hasira hiyo inarudi ndani, inatuama, inageuka kuwa *hiqdi*, yaani kinyongo. Na kinyongo kinazaa husuda, kumfurahia mwenzio akipata msiba, kumnunia, kumsengenya, kumdhihaki, mpaka kumnyima haki yake. Zote hizo mama yao ni hasira moja iliyofungiwa.

Kumbe basi kuna kunyamaza kwa aina mbili. Kuna mtu amenyamaza kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kuna mtu amenyamaza kwa sababu *anasubiri zamu yake*. Kwa nje wote wawili wanaonekana wapole. Msikitini wanasimama safu moja.

Wazee wetu wana hadithi, nyingi mmeisikia. Sisemi ni tarikh iliyothibitishwa, lakini inasimuliwa Mafia nzima. Wanasema zamani watu wa Kisimani waliunda jahazi kubwa, siku ya kulishua wakawaalika watu wa Kua, hapo ng'ambo yetu Juani. Katikati ya sherehe wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza mchangani, chombo kikapita juu yao. Watu wa Kua hawakupigana siku ile. Walirudi kwao wakanyamaza. Miaka saba au minane ikapita, mpaka watu wa Kisimani wakadhani yamesahaulika. Kisha ikaja kadi ya mwaliko, kama tungesema leo: kuna harusi Kua. Wageni wakaingizwa katika chumba chini ya nyumba, wakala, wakashangilia. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja. Mlango ukazibwa.

Leo Kua ni magofu, na Kisimani sehemu kubwa imechukuliwa na bahari. Ndugu zangu, wale watu wa Kua walinyamaza miaka saba! Nani kati yetu amewahi kunyamaza hivyo? Lakini je, kule kulikuwa kuzuia ghadhabu? Hapana. Kile kilikuwa kinyongo kimevaa kanzu ya subira. Na hatari ni kwamba aliyekivaa hajijui, watu wanamsifu kwa upole, naye anaitikia.

*MWILI UNASEMA UKWELI*

Nilipokuwa nasomea ualimu tulifundishwa kidogo juu ya saikolojia. Mtu akitishwa au akikasirishwa, mwili unamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza. Hii ni rehema, maana papa akija karibu na ngalawa unahitaji nguvu za ghafla. Lakini mwili umeumbwa utulie baada ya papa kuondoka. Sasa kama papa wako ni deni, au ni shemeji unayekutana naye kila siku kisimani, na kila ukimwona mwili unajiandaa kupigana, basi hautulii. Usingizi unakata, kichwa kinauma, shinikizo la damu linapanda, mtoto akimwaga kikombe cha uji unampigia kelele kama kachoma nyumba. Huo ndio tunauita msongo wa mawazo. Mtoto hana kosa kubwa hivyo. Yeye kakukuta tu umejaa.

Wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, mwaka 1990 waliandika juu ya kitu walichokiita akili ya hisia, na mwaka 1995 Daniel Goleman akakieneza duniani kwa kitabu chake. Muhtasari wake: kuna akili ya hesabu na kusoma, na kuna akili ya kujua moyo wako unahisi nini, kuutawala, na kujua moyo wa mwenzio unahisi nini. Mtu anaweza kuwa na vyeti ukuta mzima na akili hii ya pili hana.

Sisi tunaipokea elimu hiyo kwa shukrani, na tunasema mwalimu wetu wa kwanza katika hili ni Mtume (s.a.w.). Alimwambia Bi Aisha kwamba anajua wakati yuko radhi naye na wakati amemkasirikia. Bi Aisha akauliza, unajuaje? Akamweleza kuwa akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, na akiwa amekasirika huapa kwa Mola wa Ibrahim. Bi Aisha akakiri. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Hebu tulieni hapo. Mtume, kiongozi wa umma, mwenye vita na wajumbe na wahyi, ana nafasi ya kusikiliza mkewe anaapa vipi! Wala hakumgombeza kwa kukasirika. Alimwonyesha tu: nakuona. Baba wa nyumba, wewe mkeo akikasirika husema neno gani? Unalijua? Au unajua tu kuwa futari leo imechelewa?

*TUFANYE NINI? HATUA NNE*

*1. Itambue, uipe jina lake.*
Sisi wanaume hasa tuna jina moja tu kwa kila kitu: hasira. Lakini mara nyingi chini ya hasira kuna kitu kingine kimelala. Kuna hofu: bamvua imepita, wavu umerudi mtupu, Idi inakuja na watoto wanataka nguo. Kuna aibu: umedaiwa mbele za watu. Kuna huzuni: mwaka jana mama alikuwapo, mwaka huu hayupo. Na wakati mwingine kuna njaa tu na kukosa kahawa! Saa kumi na moja jioni, kichwa kinagonga, kila mtu anaonekana mbaya.

Jiulize kabla hujafungua mdomo: *hiki ni nini hasa?* Ukisema moyoni "mimi sijakasirika na mke wangu, mimi naogopa deni," tayari umemwokoa mke wako.

*2. Ishike isimwagike.*
Hapa Mtume (s.a.w.) ametuachia zana, si nadharia. Watu wawili walitukanana mbele yake, mmoja uso umekuwa mwekundu, akasema analijua neno ambalo mtu yule akilisema yatamwondoka, nalo ni kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na shetani. Ameelekeza pia aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na isipoondoka alale. Ameelekeza kunyamaza. Kuna hadithi ya kutawadha pia. Baadhi ya wanazuoni wamesema isnadi yake ina udhaifu, lakini udhu ni ibada kwa vyovyote, na aliyejaribu anajua maji ya baridi usoni yanafanya nini. Na kwa mwenye kufunga, amefundishwa akitukanwa au akigombwa aseme kuwa yeye amefunga.

Hiyo kauli ya kusema umefunga, wengi tunaitumia kama onyo: "Usinichokoze, nimefunga, shauri yako!" Hapana. Ni ukumbusho, na wa kwanza kukumbushwa ni wewe mwenyewe. Unaambia nafsi yako: chombo kimefungwa, kisimwagike hapa.

*3. Ipeleke mahali pake.*
Hatua hii ndiyo tunayoiruka. Umeshika, umetulia, moyo umerudi. Sasa kuna neno la kusema, na halijasemwa. Likiachwa, linatuama.

Chagua wakati. Mtume (s.a.w.) amekataza kadhi asihukumu kati ya watu wawili akiwa na ghadhabu. Ikiwa kadhi aliyesoma haruhusiwi, wewe uliyefunga na njaa ya saa kumi na moja unahukumu kwa kibali gani? Basi iwe kanuni ya nyumba zetu mwezi huu: *baina ya alasiri na magharibi hatuzungumzi pesa, wala wakwe, wala mambo ya zamani.* Futuruni, swalini, mrudi tarawehe, tumbo limetulia, watoto wamelala. Hapo sema.

Na usemi wenyewe, sema kilichokupata wewe, usianze kumhukumu mwenzio. Nitatoa mfano, simsemi mtu, msianze kutafutana. Mabaharia wa chombo kimoja, nahodha kagawa mafungu, baharia mmoja kaona fungu lake limepungua. Akisema, "Wewe nahodha mwizi," kesho hakuna safari. Akinyamaza, safari ipo, lakini kila siku anavuta kamba huku anahesabu, na barazani ameanza kusema maneno. Lakini akimfuata nahodha pembeni, wawili tu, akasema, "Kaka, ule mgawo wa juzi uliniuma. Nilitegemea kiasi fulani, nikapata pungufu. Naomba unieleweshe hesabu." Huenda nahodha ametoa mafuta na barafu hakusema. Huenda amekosea. Na huenda kweli amedhulumu, basi sasa yamejulikana, na kuna wazee wa kuyaamua. Kwa vyovyote vile, maji yametoka kwenye kiriba yakiwa bado ni maji, hayajaoza.

*4. Samehe, au dai haki yako kwa njia yake.*
Yakishasemwa, uko kwenye njia panda. Ukiweza kusamehe, samehe, na kamilisha kwa wema kama alivyofanya Sayyidna Abubakar: mpelekee sahani ya futari, mtangulie kwa salamu. Kama ni haki ambayo huwezi kuiacha, idai kupitia watu wenye busara. Qur'an yenyewe, Suratun Nisaa aya ya 35, imeelekeza mke na mume wakihofiwa kutengana apelekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Kuomba msuluhishi si aibu. Aibu ni kununiana miaka sita huku mnaswali nyuma ya imamu mmoja.

*SUBIRA SI KUFUNIKA DHULMA*

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana neno la subira limetumiwa vibaya sana kwa mama zetu.

Mwanamke anapigwa, anakwenda kwa wakubwa, anaambiwa: "Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo ilivyo, meza tu." Huyo hajafundishwa aya ya Aal Imran. Amefundishwa kujaza kiriba mpaka kipasuke. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Na Suratun Nisaa aya ya 148 inatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, *isipokuwa kwa aliyedhulumiwa*. Aliyedhulumiwa kafunguliwa mdomo na Mola wake, nani wewe wa kuufunga?

Basi dada yangu unayeumizwa, na mtoto unayeumizwa, kusema si ukosefu wa subira. Sema kwa mtu mzima unayemwamini, sema kwa wazee, njoo msikitini, nenda serikali ya kijiji, nenda polisi. Na wewe mwanamume unayepiga kisha unasema "hasira zilinizidi": mbona hazikuzidi mbele ya mtu mwenye nguvu kuliko wewe? Ukiweza kujizuia kwa tajiri wa chombo, unaweza kujizuia nyumbani. Mtume (s.a.w.) ametuambia kuwa mwenye nguvu si yule hodari wa kuangusha watu kwenye mieleka, bali ni anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu.

*NA HUZUNI, JE?*

Wengine mnaosoma hamna ugomvi na mtu. Mna uzito tu kifuani. Kuna watu wamefiwa, kuna ambao chombo kimeondoka na mtu wao na hakikurudi naye, kuna vijana wameomba kazi mpaka wamechoka kuomba.

Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'an katika aya ya 84 ya Suratu Yusuf imemweleza kuwa alikuwa *kadhiim*. Ni neno lilelile la kiriba. Alijaa, akazuia. Lakini aya mbili baadaye tunaambiwa maji yake aliyapeleka wapi: alisema kuwa anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake huzuni na majonzi yake. Nabii alikuwa na mahali pa kuyamimina. Nasi tuna sijida, na mwezi huu tuna wakati wa daku nyumba imetulia, na tuna ile saa ya kungoja adhana ya magharibi. Sema na Mola wako kwa Kiswahili chako, kwa jina la kila kitu. Usiseme tu "nisaidie". Mwambie unaogopa nini.

Mtume (s.a.w.) naye alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, alitokwa na machozi mbele ya watu. Kwa hiyo kijana wa kiume, chozi si udhaifu wa imani.

Na huzuni ikikaa wiki nyingi, huli, hulali, hutaki kuona watu, au fikra inakuja kwamba bora usingekuwapo, hiyo imekwishakuwa ya kutibiwa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Mwambie mtu wako wa karibu leo hii, panda chombo uende hospitali ya wilaya Kilindoni, mweleze daktari kama unavyomweleza ukiwa na malaria. Dua na dawa zinakwenda pamoja. Na sisi wengine tusimcheke mtu huyo wala tusiseme ana mashetani kabla hatujamsikiliza.

*KWA NINI LEO*

Sasa nimerudi kwenye ahadi yangu ya mwanzo. Kwa nini darasa hili liwe siku ya kumi na tisa?

Katika Sahihi Bukhari, Ubada bin Samit (r.a.) anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alitoka kuwajulisha masahaba Lailatul Qadri ni usiku gani. Akawakuta watu wawili miongoni mwa Waislamu wanagombana. Elimu ya usiku ule ikaondolewa, akawaambia waitafute katika zile nyusiku za mwisho.

Watu wawili tu! Hatuambiwi waligombea nini. Lakini mpaka leo umma mzima unakesha ukitafuta kilichokuwa karibu kutajwa. Na katika Sahihi Muslim imekuja kwamba milango ya Pepo hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi, akasamehewa kila asiyemshirikisha Mwenyezi Mungu, isipokuwa mtu aliye na uhasama na nduguye. Hao huambiwa wangojewe mpaka wapatane.

Tutakesha, inshaallah. Tutasoma, tutalia. Lakini nani hapa anataka kukesha nyusiku kumi akiomba msamaha, huku yeye mwenyewe ana mtu hajamsamehe tangu enzi za msiba wa babu?

*ZOEZI LA LEO*

Ni dogo, lakini si jepesi.

Baada ya alasiri, kaa peke yako dakika tano. Usishike simu. Jiulize: ni nani nikimwona anakuja, moyo wangu unabadilika? Jina litakuja lenyewe, halihitaji kutafutwa. Kisha jiulize, chini ya hasira hiyo kuna nini: hofu, aibu, huzuni, au haki yangu iliyochukuliwa?

Baada ya tarawehe, mfuate. Kama yuko mbali, mpigie, usimwandikie; maandishi hayana sauti, na sauti ndiyo inayotuliza. Anza na salamu. Mtume (s.a.w.) ameharamisha kumhama ndugu zaidi ya siku tatu, na akasema mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Huna haja ya hotuba. "Kaka, nimekuja. Lile jambo liliniuma, nami najua pengine nawe lilikuuma. Naomba tulizungumze, au tusameheane, tuingie kumi la mwisho tukiwa weupe."

Akikubali, alhamdulillah. Akikataa, wewe umekwishafungua kiriba chako, mzigo uliobaki si wako. Na kama mtu huyo ni yule anayekuumiza na unamwogopa, zoezi lako wewe ni tofauti: usiende kwake. Nenda kwa mtu wa kukusaidia.

Nami niko msikitini kuanzia saa tisa mpaka magharibi, leo na kesho. Atakayetaka tukae watu watatu, aje. Siri ya barza haitoki.

*DUA*

Ewe Mola wetu, tunajikinga kwako na wasiwasi na huzuni, na kushindwa na uvivu, na ubahili na woga, na uzito wa deni na kuelemewa na watu. Tupe nguvu ya kuzuia, na usituache hapo. Tupe moyo wa kusamehe, na usituache hapo. Tupe mkono wa kufanya wema. Wasimamie waliodhulumiwa, waponye walioelemewa, warudishe salama waliopo baharini. Tufikishe Lailatul Qadri hali ya kuwa hakuna baina yetu aliyengojewa mlangoni kwa ajili ya mwenzake. Amin.

Mpelekee darasa hili unayedhani litamfaa. Ila kabla hujamtumia mwingine, hakikisha si wewe unayehitaji kulisoma mara ya pili.

Kesho inshaallah: adabu za itikafu, na nani anayeruhusiwa kutoka na kwa haja gani.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.
Futari njema.